Kuni

Oralbai, umeniuliza tena
kwa nini nilikupa jina lenye maana ya aliyerudi
ilhali wewe hukuwahi kwenda popote.

Kaa. Kunywa chai kabla haijapoa.

Ulikuwa mwaka wa thelathini na mbili.
Walikuja wakahesabu kondoo, wakahesabu farasi,
wakahesabu hata ngamia wa mama, mgonjwa, mwenye jicho moja,
kisha wakaondoka na vyote walivyovihesabu
wakatuachia risiti.
Baba hakujua kusoma. Aliikunja risiti ile
akaishonea ndani ya kofia, kama hirizi.

Mama tulimwacha karibu na kisima cha chumvi.
Ardhi ilikuwa chuma. Tulimwekea mawe,
machache, mikono ilikuwa imeshakataa kazi.
Tukabaki wawili, Bekmurza na mwanawe wa miaka tisa,
tukielekea Karaganda, kwenye makaa ya mawe,
walikosema kuna supu.
Nyika nyeupe mbele, nyika nyeupe nyuma,
na katikati sisi, kama chawa kwenye shuka.

Mkanda wake tuliuchemsha siku mbili.
Mimi nilipewa upande laini.
Yeye alitafuna upande wa matundu.

Sasa nisikilize.
Tulilala katika kibanda cha mchungaji, hakina mchungaji.
Kabla ya alfajiri akaamka.
Nilikuwa macho. Njaa hailali, mwanangu,
hujifumba macho tu.
Alisimama juu yangu, nikaisikia pumzi yake.
Kisha akalivuta koti, koti letu moja la ngozi ya kondoo,
akalivuta taratibu kutoka mwilini mwangu,
kama mtu anayechuna mnyama ambaye bado ana joto.

Kru. Kru. Kru. Theluji.
Nilijua kuhesabu hadi mia.
Nilihesabu mia, nikaanza tena,
hadi hakukuwa na kitu cha kuhesabu.

Sikulia. Sikumwita.
Hili sijamwambia mtu, hata mama yako:
sikumwita kwa sababu nilimwelewa.
Mmoja atafika, wawili hawatafika.
Mtoto wa miaka tisa anaiweza hesabu hiyo.

Giza lilipoingia mlango ukasukumwa.
Ndevu zake zilikuwa barafu tupu.
Akanivika koti, lina joto lake,
akasema, akiutazama ukuta:
"Nilikwenda kutafuta kuni."
Mikono yake ilikuwa mitupu.
Sikumwuliza kuni ziko wapi.

Tulifika. Namna tulivyofika ni habari nyingine,
na heshima haimo ndani yake.

Miaka thelathini, katika mji huohuo,
baba yuko hospitali, mapafu yamejaa vumbi la makaa.
Usiku wa kumi na saba ananiita kwa jina la mama.
Anajichafua, namsafisha. Anajichafua.
Nikavaa koti langu, nikashuka ngazi,
nikapanda basi la kwanza hadi mwisho wa njia,
pale penye gereji na mbwa,
nikakaa kwenye benchi nikivuta sigara,
nikijiambia: manesi wapo.
Mabasi yalikuja, yakageuza, yakaondoka.
Pakiti ikaisha.

Jioni nikarudi.
Macho yake yalikuwa wazi, safi,
kama ya mtu aliyetoka kuoga.
"Ulikwenda wapi, Yerden?"
Mabomba ya mvuke yalikuwa yakinguruma ukutani,
chumba kina joto la kumvua mtu shati.
"Kutafuta kuni," nikasema.

Akautazama mkono wangu wa kulia.
Akautazama wa kushoto.
Kifua kikaanza kumtikisika. Nikadhani anakohoa,
nikamwinua haraka, nikamwegemeza begani.
Alikuwa anacheka.
Alicheka hadi nesi akaja kututazama,
na mimi nimemshika, mwepesi kama furushi la vijiti.

Wewe ulizaliwa Machi, barafu ikianza kupasuka.
Mkunga akauliza: jina?

Haya. Chai yako imepoa.
Lete kikombe nikuongezee.